Chesi ya dakika tatu: Toa askari, ununue sekunde

Kuna watu ambao ukicheza nao chesi kwa simu wanakutumia ujumbe katikati ya mchezo kukuuliza kama umelewa. Mimi huupata ujumbe huo karibu kila wiki, na huja mapema, kwenye hatua ya kwanza kabisa. Mpinzani anasukuma askari wa mbele ya malkia wake hadi d4. Hiyo ni hatua ya heshima, hatua ya watu waliofunzwa. Mimi nasukuma askari wangu hadi e5, mahali anapoweza kuliwa bure. Hakuna anayemlinda. Ni kama kuacha simu juu ya meza ya kibanda cha chai pale steji ya Migori halafu uende kunawa mikono.

Huo ufunguzi unaitwa Gambiti ya Englund. Vitabu havitaki kuusikia, kompyuta inaucheka, na makocha wanawakataza watoto kuugusa. Mimi nasema uucheze, mradi saa ni ya dakika tatu na unajua unachonunua. Wanaouita uhuni wanahukumu mchezo wa kasi kwa sheria za mchezo mwingine.

Kwanza jina. Fritz Englund alikuwa Mswidi, na mwaka wa 1932 alifadhili mashindano ambayo wachezaji walitakiwa kucheza ufunguzi huu. Neno gambiti lenyewe ni la zamani zaidi. Padre mmoja Mhispania, Ruy López, alilitumia kwenye kitabu chake cha chesi mwaka wa 1561, akilitoa kwa Waitaliano. Kwao lilihusu mguu: kumtega mtu aanguke. Yaani ngwara! Mtoto yeyote aliyewahi kupigana mieleka kwenye mchanga baada ya shule anajua ngwara ni nini. Unampa mwenzako nafasi ya kukusukuma, na uzito wake mwenyewe ndio unaomwangusha.

Huku kwetu hata hilo si geni. Mimi huenda Homa Bay mara kwa mara kuuza kava na chaja za simu. Kutoka Migori unapanda matatu hadi Rongo, halafu unashuka upande wa ziwa. Homa Bay, asubuhi wakati akina mama wanamwaga omena juani, huwezi kukosa mahali watu wamezunguka ubao wa drafti. Ubao ni kipande cha plywood kilichochorwa kwa kalamu, kete ni vizibo vya soda, upande mmoja vimeangalia juu na upande mwingine vimeangalia chini. Sheria kuu unaijua: kama kuna cha kula, lazima ule. Basi wazee wa drafti wanaishi kwa kulisha. Jaduong' anakusogezea kete moja, anakutazama, anasema "kula, omera, kula tu." Unakula. Yeye anakula tatu, anaingia nyuma kuchukua kingi, na umati unapiga kelele mpaka wauza samaki wanageuka kuangalia.

Hakuna mtu chini ya mti ule aliyewahi kumwambia jaduong' kwamba anacheza vibaya kwa sababu alitoa kete. Wanasema ana akili. Sasa kijana akifanya hivyo hivyo kwenye chesi anaambiwa hana msingi. Mbona?

Kuna tofauti moja kubwa, nakubali. Kwenye chesi hakuna anayekulazimisha kula. Askari wangu wa e5 anaweza kuachwa hapo na mchezo uendelee. Ndiyo maana gambiti ya chesi haifanyi kazi kwa nguvu ya sheria. Inafanya kazi kwa tamaa na kwa saa, na mimi naitegemea saa zaidi.

Tupige hesabu. Dakika tatu ni sekunde 180. Mchezo ukienda hatua 40, kila hatua ina sekunde nne na nusu. Nne na nusu! Hapo hujapiga chafya, hujafukuza mbu, na bando haijayumba. Mtu aliyezoea ufunguzi wake wa d4 anataka kucheza hatua kumi za kwanza bila kufikiri, vidole vinajua njia, ili abaki na dakika mbili na sekunde hamsini za kukunyonga polepole. Ukimwekea askari wa bure e5, vidole vinasimama. Anajiuliza: huyu amekosea kubonyeza? Ni mtego? Nile? Nikila, halafu? Nimeangalia saa za wapinzani wangu sana kuliko ninavyoangalia ubao, na wengi huchoma sekunde 15 hadi 25 kwenye hatua nne za mwanzo. Sekunde 20 ni zaidi ya hatua nne za bure. Nimelipa askari mmoja. Kwa bei ya soko la dakika tatu, hiyo ni bei ya jioni, mama anataka kufunga kibanda aende nyumbani.

Sasa mtego wenyewe. Fungua ubao kwenye simu usogeze nami.

Mweupe amecheza d4, wewe e5, amekula e5. Unatoa farasi hadi c6, unamtishia yule askari. Analeta farasi wake f3 kumlinda. Unapeleka malkia e7, unamtishia tena. Hapa ndipo tamaa inaingia. Mtu amekula askari wa bure na sasa anataka kuitunza mali, kwa hivyo anatoa askofu hadi f4 kumkinga. Ni hatua ya kawaida kabisa, hata mimi ningeiona nzuri. Lakini malkia wako anaruka b4: cheki kwa mfalme, na papo hapo anamtazama yule askofu wa f4 na askari wa b2. Mweupe anarudisha askofu d2 kuziba cheki. Malkia wako anakula b2 na anamtazama ngome kwenye kona.

Mpinzani sasa amekasirika kidogo. Anaona malkia wako yuko ndani ya nyumba yake peke yake, na anaona hatua tamu: askofu kwenda c3, anamtishia malkia na kumlinda ngome kwa mkupuo mmoja. Anaicheza haraka, labda hata anatabasamu. Hapo amekwisha. Unaweka askofu wako b4, na askofu wake wa c3 amefungwa mbele ya mfalme. Akileta malkia d2 kusaidia, unakula c3, anakula kwa malkia, na malkia wako anashuka c1. Chekimeti. Hatua nane. Malkia wake yuko c3, mstari mmoja na wako, lakini askari wake mwenyewe wa c2 amemzibia njia. Ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote: aliyemzuia kuokoka ni mtu wa kwake.

Nje ya kinyozi mmoja hapa Migori mjini, ambako sisi hukusanyika jioni kwa sababu kuna stima ya kuchajia simu, chekimeti hiyo imeitwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Wanaopinga wana hoja, na sitaki uzisikie kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu anayekupiga. Kwenye ile nafasi ya askofu c3 kuna hatua nyingine. Mweupe akileta farasi wa upande wa malkia hadi c3, mtego wote umekufa. Ngome yake inakuja b1, malkia wako anaanza kukimbizwa kama kuku wa Krismasi, na vipande vyako vingine bado vimelala nyumbani. Injini ya kompyuta ikiangalia e5 yako ya kwanza kabisa inampa mweupe faida inayozidi askari mmoja, na haibadilishi maoni hata ukiiacha ifikirie mpaka kesho. Hiyo ni kweli na haina mjadala.

Lakini unacheza na injini? Unacheza na mtu aliye ndani ya matatu, simu ina ufa, chaji asilimia tisa, saa inakimbia. Ukweli wa injini ni ukweli wa mtu mwenye muda wote duniani. FIDE, shirikisho la chesi la dunia, lenyewe linatenganisha: mchezo wa dakika kumi au chini kwa kila mchezaji unaitwa blitz na una orodha yake ya viwango, mbali na ile ya michezo mirefu. Kama wao wanaona ni mashindano tofauti, kwa nini mimi nicheze kana kwamba ni kitu kimoja? Machi 2021, Magnus Carlsen na Hikaru Nakamura walicheza mchezo ambapo wote wawili walitoa mfalme nje kwenye hatua ya pili, mbele ya dunia nzima, wakatoka sare kwa kurudia nafasi, wakicheka. Mimi siwezi kufanya hivyo, wala wewe. Ila hakuna aliyewaambia hawana msingi.

Basi usiicheze lini? Mpinzani akiwa na dakika kumi na tano, iache. Kwenye ubao wa mbao, mashindano ya siku nzima, saa moja kwa kila mtu, iache kabisa. Pale atakaa, atakunywa maji, ataona farasi c3, na utabaki ukiteseka saa mbili kwa sababu ya askari uliyemtoa kwa raha. Kutoka Migori hadi Nairobi kwenye mashindano makubwa ni zaidi ya kilomita 350, usiku mzima kwenye basi na nauli ya kurudi mfukoni. Hutoki huku na safari yote hiyo ili uweke askari wa bure mezani mbele ya mtoto wa miaka kumi na mbili mwenye kocha wake binafsi. Huyo mtoto anaijua. Amini.

Na ndiyo, nimesema kocha binafsi kwa makusudi. Ukitaka kujua kwa nini gambiti zinapendwa na watu kama sisi, anzia hapo. Ufunguzi wa heshima una matawi, na kila tawi lina matawi yake. Wanaoujua wamekaa na mwalimu, wana vitabu, wana Jumamosi zisizo na kazi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekwama, na chesi nimejifunzia foleni ya matatu. Nikikufuata kwenye njia yako, hatua 15 unazozijua kwa kichwa na mimi najikokota, nimeshindwa kabla hatujaanza. Gambiti inakutoa barabarani na kukuleta kwenye njia ya panya. Kule sote tunatembea kwa tochi, lakini mimi nimepita jana.

Kuna boda mmoja wa steji yetu, simtaji, ambaye jioni moja alinitazama nikicheza akaniuliza: "Bro, wewe na mimi tofauti ni gani? Wewe unatupa askari, mimi natupa soo mbili kwa kindege."

Kindege unakijua. Kanapaa kwenye skrini, namba inapanda, unatakiwa kutoa pesa zako kabla hakajapotea. Huyo rafiki yangu huanza na pesa ya mafuta ya pikipiki. Swali lake limenikaa kichwani kuliko hoja zote za makocha, kwa sababu kwa mtu anayetazama kutoka nje tunafanana: vijana wawili wamekodolea simu, wanahatarisha kitu, wanapiga kelele.

Jibu langu ni kwamba kwenye ubao bei naijua kabla sijalipa. Askari mmoja. Njia ya kufa ninaweza kukuonyesha kwa kidole: farasi c3, ngome b1. Mpinzani ana vipande 16 kama mimi, na kila kimoja kiko mbele ya macho yangu. Nikicheza Englund mara mia, nitajua zaidi inapovunjika, na pengine mara ya mia na moja nitaitupa nichukue ufunguzi mwingine. Yeye akirusha kindege mara mia hajui chochote alichokuwa hakijui mara ya kwanza, maana hakuna cha kujua. Mwenye mchezo alishapiga hesabu ya sehemu yake kabla hajaamka. Mara ya mia na moja ni sawa na ya kwanza, isipokuwa tangi ya pikipiki haina kitu.

Nilimwambia hivyo. Akasema mimi naongea sana kwa mtu anayecheza na farasi wa plastiki. Sawa. Lakini hiyo tofauti naishikilia, na ndiyo sababu nina masharti makali kwa mtu anayetaka kunifuata. Kama huwezi kunitajia jibu bora la mpinzani dhidi ya mtego wako, usitoe askari. Ukitoa huku unaomba Mungu asione, wewe na mtu wa kindege mmepanda pikipiki moja. Huku Nyatike watu wamefuata mshipa wa dhahabu ardhini tangu enzi za mgodi wa Macalder, na mchimbaji mzoefu hashuki shimo ambalo hajaangalia mbao zinazolishikilia. Anajua hatari iko wapi, tena anaijua kwa jina. Anayeshuka kwa sababu aliota ndoto, huyo ni stori nyingine, na stori hizo tunazisikia mara nyingi mno.

Kuna pia hatari ya nje ya ubao, na chesi ya Kenya ina mfano wake. Aprili 2023, kwenye mashindano ya Kenya Open jijini Nairobi, mwanafunzi wa kiume wa miaka 25 alijisajili kitengo cha wanawake kwa jina la uongo. Alikaa mezani amejifunika hijabu na kitambaa cha uso, miwani machoni, haongei na mtu. Alishinda michezo kadhaa kabla waamuzi hawajamshuku na kumtoa. Alijieleza kwamba alikuwa na shida ya pesa. Watu walicheka mtandaoni wiki nzima. Mimi sikucheka sana, kwa sababu shida ya pesa ninaijua sura yake. Ila tazama alichotoa: jina lake, na nafasi ya kukaa tena mezani. Tazama pia mtego wenyewe ulikuwa wa kina nani: wanawake waliolipa ada zao na kufika hapo kwa haki. Ngwara inapigwa ndani ya uwanja, mbele ya watu, na mwenzako akijua mnapigana.

Kama bado uko nami, anza hivi. Tumia Lichess. Ni ya bure kabisa, haina matangazo, ilianzishwa na Mfaransa mmoja, Thibault Duplessis, mwaka wa 2010, na haitakuomba kadi wala M-Pesa. Mchezo mmoja unakula bando kidogo sana kwa sababu kinachosafiri ni hatua tu, hakuna video. Cheza michezo kumi ya dakika tatu ukiwa mweusi. Kila mchezo ukiisha, bonyeza injini ikuonyeshe, na uangalie hasa ile michezo uliyoshinda. Tafuta mahali ambapo mpinzani angekuua na hakuona. Watu huchambua walipopigwa tu, halafu wanabaki wakidhani mtego wao ni mzuri kuliko ulivyo.

Ukipata mpinzani wa e4 badala ya d4, Englund haikusaidii. Huko kuna Gambiti ya Stafford, ambayo Mmarekani Eric Rosen ameifanya maarufu kwa video zake. Hiyo ni makala ya siku nyingine, ina mitego mingi mpaka unasahau jina lako.

Na ukizoea, jaribu ile ya wendawazimu wenyewe. Kwenye mashindano ya Lichess kuna kitufe cha kukata muda wako nusu kabla mchezo haujaanza. Dakika tatu zinakuwa moja na nusu; ukishinda unapewa pointi moja ya ziada. Wiki iliyopita nilikibonyeza mara nne mfululizo nikiwa kwenye matatu kati ya Rongo na Homa Bay, na mama aliyekaa kando yangu na ndoo ya samaki aliniuliza kama simu inaniuma.

Upande wa pili sitakuficha, maana mnaosoma hapa tutakutana. Siku utakapocheza d4 na mtu kutoka huku akuwekee askari e5, mle, bila hasira na bila kufikiri. Malkia wake akifika e7, leta askofu f4 ukipenda. Akikupiga cheki b4, ziba d2. Akila b2, usiguse huyo askofu. Farasi c3, halafu ngome b1, na uangalie saa yake, usiangalie yako.